Mkebe wa Miaka Kumi na Miwili kwa Mzee Jasbir

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi. Jumapili jioni Preeti, binti ya mzee Jasbir, alinipigia simu akaniambia baba yake ataifungua chupa yangu ya zawadi mbele ya wageni wote, na mimi ndiye nitakayemiminiwa wa kwanza. Tangu hapo chakula hakina ladha.

Mimi ni fundi wa mashine za kusaga mahindi hapa Kitale, na kazi nilifundishwa na mzee Jasbir katika karakana yake ya Bungoma, nilikaa naye miaka kumi na mmoja, na leo nina karakana yangu na wafanyakazi wawili, nyumbani ni kuzuri, sina la kulalamikia, na ujuzi wote ulio kwenye mikono hii ni yeye aliyeuweka. Jumamosi hii anatimiza miaka sabini na anafunga karakana, na sherehe ni huko Bungoma saa saba mchana. Mzee hunywa wiski, si nyingi, vidole viwili tu kwenye glasi yake ya chuma na maji kidogo, kila tulipomaliza mashine ikasaga gunia la kwanza bila kelele, na angeikalia glasi hiyo saa nzima akisikiliza mashine, kwa hivyo nikaona zawadi ni chupa, hakuna nyingine.

Nilikuwa nimetenga shilingi elfu mbili na mia tano, lakini ile wiski iliyokaa pipani miaka kumi na miwili niliyoitaka ilikuwa zaidi ya mara mbili ya hapo. Rafiki yangu Kevin, anayeuza katika duka la vinywaji hapa mjini, akaniambia, "Si uchukue hii mzinga ya elfu moja mia nane? Watu huchanganya na soda na hakuna amelalamika. Halafu niko na mkebe tupu wa ile ya miaka kumi na miwili. Bana, mzee ataangalia mkebe." Nilicheka, lakini nikanunua, na mkebe nikauchukua. Ile chupa kubwa ya mzinga ikaingia kama imetengenezewa humo.

Sasa Preeti anasema, "Fundi, baba anauliza unaleta chupa gani, nikamwambia ni siri. Ameosha ile glasi yake mwenyewe." Nikisema ukweli ataniona mchoyo, nikinyamaza ataonja, na huyu mzee si wa kudanganywa, aliwahi kurudisha katoni nzima ya beringi za mashine kwa sababu mbili zilikuwa kuukuu ndani ya boksi jipya, na muuzaji yule hakuuza kwake tena. Nifanye nini?

Fundi, Kitale

*

Fundi,

Jibu umeliandika mwenyewe mwishoni mwa barua, kisha ukaniuliza mimi. Beringi kuukuu ndani ya boksi jipya: hicho ndicho ulichomfungia mwalimu wako. Mtu anayejua beringi imechoka kwa kusikiliza tu ataitambua wiski ya soda kabla hajaimeza.

Pesa ulizotenga si kosa. Elfu mbili na mia tano ni zawadi ya heshima, na hakuna aliyekuomba zaidi. Kosa ni mkebe. Wala usimsukumie Kevin lawama; yeye aliutoa, wewe ukaubeba.

Nilimuuliza Gladwell, ambaye ameuza vinywaji Kanduyi, hapo Bungoma, kwa miaka kumi na tisa, angempa nini mnywaji wa vidole viwili kwa pesa zako. Hakufikiri sana. "Mtu wa kunywa polepole humpi mzinga," alisema. "Mzinga ni ya watu wengi na kelele. Mpe nusu ya kitu kizuri." Nusu, kwa wasiozoea lugha ya maduka hayo, ni chupa ndogo, kama nusu ya mzinga. Ile ya miaka kumi na miwili uliyoitamani anayo kwa nusu, na utabaki na shilingi mia moja.

Leo ni Alhamisi. Mzinga wako haujafunguliwa, kwa hivyo mrudishie Kevin pamoja na mkebe wake, naye akurudishie pesa. Akikataa, peleka mzinga huohuo bila mkebe, na umwambie mzee ni wiski ya kuchanganya na soda. Ataongeza maji na mtacheka.

Ukinunua nusu, hakikisha stempu ya ushuru haijachanika na kifuniko hakizunguki. Soma umri kwenye lebo; dhahabu iliyochorwa pale si umri. Siku nyingine ukiwa na shaka, muulize muuzaji kama kinywaji hicho hunywewa chenyewe au na soda. Akisema soda, kirudishe kwenye rafu. Ifunge chupa kwa karatasi ya kaki, inatosha.

Unaogopa kuitwa mchoyo kwa chupa ndogo. Mzee ameosha glasi, Fundi. Hakuosha ndoo.

Na ukimiminiwa, usiimalize kwa mkupuo kama mtu anayeficha jambo. Weka maji kidogo, keti karibu naye, umwambie mashine uliyoitengeneza mwisho inasikika vipi. Hiyo ndiyo zawadi ambayo duka halina. Lala Bungoma, urudi Kitale Jumapili.

Gladwell amekuwekea nusu moja kando, imeandikwa "Fundi". Anafungua kesho Ijumaa saa nne asubuhi. Jumamosi saa saba mchana unamiminiwa wa kwanza.