Mtoto Aulizwe Mwenyewe

Jumatatu, 3 Machi

Nimechaguliwa. Mimi na Kidevu. Manispaa inaandika upya mwongozo wa haki za watoto katika zahanati, na safari hii wanataka vijana wenye ulemavu wakae mezani. Kidevu ni rafiki yangu, kiziwi. Jina alipewa shuleni kwao, kwa ishara: kidole kwenye kishimo cha kidevu. Mimi natumia kiti cha magurudumu, na mtaa mzima unajua ninavyokiendesha.

Mama hakuacha kushona. Kasema niende, ila nisibishane na watu wazima. Nikamwuliza, nisipobishana nimeenda kufanya nini? Kacheka mpaka uzi ukakatika.

Alhamisi, 6 Machi

Kikao cha kwanza. Ukumbi mzuri, lakini mlango wa choo mwembamba, kiti hakipiti. Nikasema mbele ya wote. Mwenyekiti, mkunga mstaafu, hakununa — papo hapo kahamishia vikao maktaba.

Katibu alikuwa ametupangia tufungue kwa shairi. Nikasema hatuna shairi, tuna kifungu. Kidevu, kupitia kwa mkalimani wake, akaongeza kwamba yeye akighani watu watalia, tena si kwa kuguswa. Ukumbi ukaangua kicheko. Baada ya hapo tulisikilizwa.

Kifungu chetu: mtoto aulizwe mwenyewe kwanza. Nimechoka na "Mama, huyu anaumwa wapi?" na mimi nipo hapo hapo, nina mdomo. Kwa Kidevu ni zaidi. Aliwahi kung'olewa jino zima, bovu likabaki, kwa sababu daktari alimsikiliza shangazi yake.

Ijumaa, 7 Machi

Vidole vinauma. Kidevu kanifundisha ishara za kikao: haki, kifungu, napinga. Anasema ishara zangu zina lafudhi.

Jumanne, 11 Machi

Wakili wa kamati kachomeka maneno kwenye kifungu: "kwa kadiri inavyowezekana." Mlango wa kutorokea huo. Nani atapima kinachowezekana? Muuguzi mwenye haraka?

Nilimmwagia Mama yote. Akasimamisha cherehani. Kasema yeye hunijibia kwa sababu foleni ndefu, si kwamba ananidharau.

— Najua, Mama. Lakini ukinijibia wewe, muuguzi hajifunzi.

Kaitikia kwa kichwa, karudi kwenye cherehani. Kwa Mama, hilo si jambo dogo.

Jumatano, 12 Machi

Naandika hapa hapa maktaba, mapumziko. Asubuhi nimebishana na wakili hadi koo likakauka. Kura ni baada ya chai.

Sasa hivi kanijia, kachuchumaa macho yetu yawe sawa. Si mtu mbaya. Anasema yale maneno atayaondoa kwa watoto kama mimi, wanaojieleza vizuri. Yabaki kwa wasiozungumza tu.

— Binti, ukikubali umeshinda leo leo. Ukikataa, huenda kifungu chote kikaanguka.

Nilivutika. Kidogo. Kidevu alituona, akauliza tunasema nini. Mkalimani alikuwa ametoka kupokea simu. Nikamweleza kwa lafudhi yangu, polepole. Akakunja uso. Akauliza kwa ishara: wasiozungumza — ndio mimi?

Nikamgeukia wakili. Hapana, anko. Watoto wote, au tukutane kwenye kura.

Tumeitwa mezani. Naandika kwenye mapaja. Mwenyekiti kauliza nani anaanza, na Kidevu kashasimama. Mkalimani bado hajarudi. Wakili anasema muda unakwenda, tupige kura tu, msimamo wa vijana unajulikana. Katibu anapendekeza nimsemee mimi. Nimekataa. Siwezi kumsemea, na hajaniomba.

Mwenyekiti kafunga faili lake. Kasema tutangoja.

Wakili anatazama saa. Nyayo zinakuja kwenye korido, sijui za nani. Kidevu bado amesimama, mikono tayari.