Jibu Ulilonituma, Baba

Baba,

Shikamoo. Najua huitikii, lakini mkono umezoea kuanza hivyo, na ungenigombeza kama ningeingia bila salamu.

Kiti chako cha udiwani bado kiko wazi. Ulikikalia miaka mitatu katika mitano, na hiyo iliyobaki imeishia kwenye kusubiri. Kwanza walisema uchaguzi mdogo utaitishwa. Sasa wanasema uchaguzi mkuu umekaribia mno, tuvumilie. Na kata yetu imegawanywa mbili, Baba. Mpaka unafuata mfereji. Sisi tumebaki huku juu, na msingi wa zahanati umeangukia ng'ambo, kwenye kata mpya ambayo nayo itapata diwani kwenye uchaguzi mkuu huo huo. Baraza likikutana, hakuna wa kutusemea, si wa huku wala wa kule. Ujenzi umesimamishwa. Yale matofali waliyofyatua akina mama, ukiwatania kwamba mikono yao ni laini kama ya wachungaji wa kanisa, yameota majani.

Kuna jambo sikukuambia, na sasa linanimaliza.

Unakumbuka ulipolazwa, ukanituma mkutanoni kwa niaba yako? Maofisa walikuja kuuliza kama tunataka kata igawanywe, madiwani waongezeke. Ulinishika kiganja ukasema, "Waambie hapana. Zahanati iezekwe kwanza." Nikaenda. Nikasimama mbele ya watu wote, nikasema, "Baba anasema ndiyo."

Nilitaka kiti, Baba. Sina njia ya kulipamba. Vyama vingi vimekuja, kila mtu ana fulana na kofia mpya, nikajiona na mimi naweza. Kushindana na wewe nisingethubutu. Nikaona kata zikiwa mbili, moja itakuwa yako, nyingine yangu. Hotuba zako zote nilikuandikia mimi. Nikadhani na mdomo wako ni wangu. Niliporudi uliuliza, "Umewaambia?" Nikajibu, "Nimewaambia." Ukatabasamu, ukaomba uji.

Wiki iliyopita Anna, mke wa kaka Elia, alishikwa na uchungu asubuhi. Mvua ilikuwa imekata barabara, gari hakuna. Wakambeba kwa machela kuelekea mjini, na hata Kimandolu hawajafika akajifungulia kando ya shamba la kahawa la watu. Alikuwa mvulana. Hakulia. Elia alikuwa amepanga kumpa jina lako.

Kutoka kwao hadi kwenye ule msingi wa zahanati, hata chai haipoi njiani.

Jana nilikuja kaburini kwako, hapo nyuma ya nyumba, na jani la isale. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mtu akikuletea isale kuomba radhi, hata akiwa amekukosea vipi, humkatalii. Nilikuona ukilipokea kwa jirani aliyekula shamba lako, umenuna, lakini ukalipokea. Nililishika jana mpaka mkono ukafa ganzi. Nani alipokee? Nikapiga kelele, Baba, mpaka mama akatoka jikoni anakimbia. Nikamwambia nimekukumbuka tu. Uongo mwingine.

Fomu ya kugombea ninayo, nimeijaza nusu. Watu wananiambia, "Chukua kiti cha baba yako, sisi tuko nyuma yako." Wananipenda kwa sababu yako, na kila wakinisalimia natamani ardhi inimeze.

Sitairudisha hiyo fomu. Jumapili, watu wakitoka ibadani, nitaomba wanisikilize pale nje, niseme wewe ulijibu nini na mimi nilijibu nini. Huenda mpaka ukishachorwa haufutiki. Huenda wakanitemea mate. Lakini hawataendelea kusema kwamba ni wewe uliyewagawa. Hilo nakuahidi, na kwa mara ya kwanza tangu uugue, nakuahidi kitu cha kweli.

Pumzika, Baba. Sijui kama nastahili kukuaga. Sasa hivi navaa viatu nakwenda kwa Anna. Hawezi kuambiwa hili kanisani pamoja na watu wengine.

Mimi binti yako,
Naomi