Chungu Changu Kilibaki Uani

Buyenzi, Bujumbura

Kwa dada yangu Anjelina,

Salamu zikukute mzima, wewe na watoto. Mguu wa Mama umepoa? Barua yako ilinifikia, ingawa bado unaandika Usumbura, jina la zamani la mji. Mimi mwili hauna neno. Moyo ndio mgonjwa, na ugonjwa wake ni wivu, nisikufiche.

Uliniambia nisichoke kumchumbia Daforoza, nizidi kwenda kwao Kamenge. Nilikutii. Kila Jumapili baada ya misa nilifunga chungu cha pombe ya mtama kwenye baiskeli, nikaisukuma taratibu kisimwagike, nikampelekea baba yake. Na kila Jumapili nilimkuta Melkiori, dereva wa mkubwa mmoja wa Kiriri, amekuja na gari ya bosi wake, chungu chake kimekaa kitini kama bwana harusi. Hata viatu vyake nilivichukia. Akisema neno, Daforoza anacheka, mimi nakunja ngumi mfukoni.

Jambo moja lilinipa moyo. Chungu cha Melkiori kiliingizwa ndani, wakanywa mzee na ndugu zake tu. Changu kiliwekwa uani, majirani wakaja na mirija yao, wakanywa na kunisifu. Nikajisemea: mwenzangu anafichwa, mimi naonyeshwa kwa watu!

Juzi, tukipandisha ukuta wa nyumba huko huko Kiriri, nilimsimulia Barinabe, Mrundi, mwashi mwenzangu. Aliweka mwiko chini, akacheka mpaka machozi.

"We mutu ya Kongo! Pombe ya mukwe wanakunywaka ndani. Ya inje ni ya kila mutu mwenye anapita."

Kumbe miezi yote hiyo nilikuwa nanywesha mtaa.

Jumapili nikaenda mikono mitupu. Melkiori alikuwa ndani tayari. Nikasimama mlangoni.

"Baba, leo sikuleta kitu. Nimekuya kuaga tu."

Mzee alinitazama sana. "Ingia, mutoto yangu. Kuya ukunywe."

Ndiyo mara yangu ya kwanza kuvuka kile kizingiti. Melkiori akasogea kunipa nafasi, tena kwa heshima, nikazidi kumchukia. Daforoza aliniletea mrija bila kuniangalia. Nikauchovya katika chungu cha mwenzangu, nikiomba kimoyomoyo pombe iwe imeharibika. Dada, ilikuwa nzuri kuliko yangu zote. Hilo bado linaniuma ninapoandika hapa.

Nilivuta kidogo, kisha nikautoa mrija mdomoni mwenyewe, kabla mtu hajaniambia basi.

Kamenge siendi tena, na wewe usiniambie nirudi.

Nisalimie shemeji, na mjomba fundi baiskeli, umwambie yangu bado inakwenda. Mama mpe pole ya mguu. Na yule mbuzi anayenifugia kwa ajili ya mahari, asimuuze. Aendelee kumkatia majani.

Mdogo wako,
Zakaria