Mashine Yenye Jani la Chuma

Kwako Dada,

Pokea salamu nyingi kutoka kwenye joto la karakana. Mimi ni mzima, mikono tu ndiyo ina malengelenge, kama kawaida yangu. Natumaini mafua yaliyokuzuia kuja uwanjani yamepungua na watoto hawajambo. Shemeji najua hajambo, nilimwona kwa macho yangu, na nitamfikia. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ningefoka, nawe ungekata kabla sijafika kwenye jambo lenyewe.

Unajua nilivyohangaika na ile pikipiki ya magurudumu manne. Mashine za mashindano zinazouzwa dukani sina ubavu wa kuzigusa, kwa hiyo nilianza na mzoga. Ulikuwa umelala nyuma ya banda la kuku la mkulima mmoja, akanipa kwa kumtengenezea geti. Injini niliitoa kwenye pikipiki iliyogongwa. Taa, bampa, kiti cha sponji, chochote chenye uzito bila kazi nilikitupa, nikabaki nakalia ubao. Mafundi wenzangu walisema nimeunda kitanda chenye moshi, nami nikawaacha wacheke. Klabu ya mashindano ilikuwa imetangaza kwamba katika mbio za mstari mnyoofu, kundi la mashine zilizoundwa kwa mikono, fundi wa mashine itakayoshinda atakabidhiwa karakana yao aiongoze. Dada, nimechomelea madirisha ya watu tangu nimalize shule. Karakana ile niliitaka mpaka nikakosa hamu ya kula.

Shida ya mashine hizi ni kwamba ukiifungulia mafuta ghafla inanyanyua magurudumu ya mbele na kukumwaga. Dawa yake ni kurefusha mkono wa nyuma, yale mabomba mawili yanayoshika ekseli. Sasa tepu yetu ya kupimia imekatika ncha, sentimita mbili nzima, na kila fundi hapa huongeza mbili kichwani bila kukumbushwa. Bomba la kulia niliongeza. La kushoto nilikuwa nabishana na mteja wa dirisha, nikasahau, likatoka fupi. Chuma kingine sikuwa nacho. Nikaunga kipande, nikafunika kiungo kwa jani la chuma lililobaki kwenye mapambo ya lile geti. Jani halina kazi yoyote pale, lilikuwa la kufunika aibu yangu tu.

Ndipo uliponiomba picha. Wewe uliyesema siku zote kwamba kazi hii itaniharibia uso na bahati ya ndoa, leo unataka kuona kazi ya mikono yangu! Nilifurahi kama mtoto. Nilikupigia kila upande, na mkono wa nyuma nikauwekea tepu ili uone urefu wake. Mtu mwingine sikumwonyesha. Mashine ilikaa chini ya turubai na ufunguo wa mlango nilitembea nao.

Jumapili uwanjani muuza matairi mmoja, mshindani mwenzangu, akashusha mashine yake, injini mpya kabisa. Juu yake amekaa shemeji, mwembamba vilevile, nikaelewa kwa nini amechaguliwa. Nikataka kwenda kumsalimia na kumtania. Halafu nikaona bomba la kushoto lina jani. La kulia halina. Waamuzi walikuwa wanaliulizia, na muuza matairi akawajibu kwa majivuno, "Hilo jani ndiyo nguvu yake. Bila hilo hamna kitu." Nilicheka, kisha nikakumbuka zile picha nilizokutumia. Hakuna fundi ambaye angeweka jani pale kwa akili yake, ila anayenakili picha asiyoielewa. Shemeji alipoona nimeliona akavaa helmeti, na zamu yake ilikuwa bado mbali.

Alishinda raundi zake, nami nikashinda zangu. Fainali tunakutana sisi wawili mwisho wa mwezi. Nimesikia kwamba wakishinda, muuza matairi ataichukua karakana na shemeji atakuwa msimamizi. Najua amekaa nyumbani bila kazi muda mrefu, na najua unavyobeba nyumba peke yako. Ungeniambia, Dada. Ningemfundisha kazi. Umeniumiza, tena sijui niende kumlilia nani, maana nikiumizwa na watu nilikuwa nakukimbilia wewe.

Sasa lililonifanya nishike kalamu ni hili. Baada ya kukutumia picha niliijaribu mashine, nikaona ufa chini ya jani. Nilikata kiungo chote, nikaingiza bomba jembamba ndani ya lile bomba, nikachomelea, nikasaga, nikarudisha jani mahali pake. Kwa nje hakuna kilichobadilika. Ya kwao nayo imeungwa palepale, niliona mshono pembeni mwa jani, lakini imenakili picha za kabla, haina bomba la ndani. Imevumilia raundi za mwanzo, lakini fainali watafungua mafuta yote, kiungo kitaachia akiwa kwenye kasi, na sitaki kukuandikia kitakachofuata. Nimekaa na jambo hili tangu Jumapili. Ningenyamaza, karakana ingekuwa yangu na hakuna ambaye angenilaumu. Nilifikiria kunyamaza, sitakuficha, na si mara moja tu.

Mwambie shemeji asiipande tena kabla hajaniletea. Jumamosi nitafungua karakana mapema, nitamwekea bomba la ndani kwa mkono wangu, halafu fainali tukutane na nimshinde vizuri.

Wasalimie watoto, waambie mama yao mdogo anawakumbuka. Mama akiuliza habari zangu mwambie sijambo, na haya mengine usimwambie. Jumamosi aje yeye peke yake. Wewe usije, Dada. Bado siwezi kukutazama.

Mdogo wako,
Cheche