Ng'ombe Chini ya Bawa la Dakota

Jumatatu, 9 Juni 2025

Gregori wa Mkumbara kashinda tena picha ya mwezi. Grupu zima la wapenda ndege za kale, watu arobaini na mbili, na mshindi ni yuleyule! Safari hii Dakota yake imetua kwenye nyasi, mkia chini, pua juu, na chini ya bawa kasimama ng'ombe mwekundu. Wote wanampigia makofi. Mimi nimeweka dole gumba tu.

Kanuni iko wazi — skrinshoti ya simuleta, ule mchezo wa kurusha ndege kwenye kompyuta, bila kubandika kitu. Sasa mimi kutwa niko steshenari nawabadilishia watu ukuta nyuma ya picha za paspoti. Nusu ya mtaa wa Kilole nimeipa ukuta wa bluu. Kingo za ng'ombe yule zinanuka mkasi. Na kivuli chake kinaenda kulia, cha ndege kushoto.

Rapide yangu juu ya mashamba ya mkonge, mabawa mawili mawili, jua la asubuhi — kura tatu. Moja ni yangu.

Jumanne, 10 Juni

Nimeikuza ile picha kazini, mteja kanisubiri na vyeti vyake. Nilitaka ushahidi wa kumpeleka Gregori kwa admin. Nimekuta kingine.

Sikio la kulia. Ng'ombe wa ukoo wetu wana mkato mmoja chini ya sikio, umenyooka. Wa huyu umepinda kwenda juu. Ninajua kwa nini umepinda. Alipokuwa ndama mimi ndiye niliyemshika kichwa, nikamwachia kabla baba hajamaliza kukata. Nilichapwa siku ile.

Ni Nado. Nado wa mama, aliyepotea kule nyumbani Mazingara wiki mbili zilizopita.

Mdogo wangu Keriako ndiye aliyekuwa akichunga siku ile. Baba alisema mbele ya wazee kwamba kijana kamuuza ng'ombe akanunua simu, akamfukuza. Analala kwa rafiki mpaka leo. Na huyu Gregori — miezi saba ananiuliza kwetu wapi, tunafuga wangapi. Nilidhani ananipenda! Mjinga mimi.

Jumatano, 11 Juni

Nimempigia Keriako. Nikazunguka mbuyu, mwisho nikamuuliza kama anamjua mtu yeyote wa Mkumbara.

Akasema, "Dada, na wewe?" Akakata.

Asiye na kosa si angefoka? Au ndiyo hivyo, anachoka kufoka? Na ile simu mpya — anasema alichoma mkaa. Mkaa gani wa kununua simu? Sijui nimwamini nani.

Alhamisi, 12 Juni

Baba kapiga saa moja kamili jioni. Hakosei dakika tangu nimnunulie saa ya mkononi. Shikamoo, marahaba, nyasi zimekauka. Nikamwambia nimepata fununu ya Nado, nafikiria kwenda polisi.

Akasema niache. Aliyepotea kapotea, mambo ya boma hayapelekwi polisi.

Baba huyuhuyu! Mwaka juzi alimfuata mbuzi mmoja kwa miguu siku nne. Labda anazeeka. Labda moyoni anamhurumia Keriako. Nikaomba kuongea na mama. Anakamua, akasema.

Jambo moja linanisumbua. Nado ni wa nyumba ya mama. Kwetu mzee akishampa mke ng'ombe hamuuzi bila kumwuliza, ni wa watoto wa nyumba ile. Na Nado alishatajwa kwenye mahari ya Keriako. Sasa Keriako amejiibia mwenyewe? Lakini vijana siku hizi...

Jumamosi, 14 Juni

Nimemvaa Gregori inboksi, salamu hakuna. Ng'ombe umembandika, tunajua wote wawili, ulimpiga picha wapi?

Nilitegemea akane. Kaomba radhi palepale! Anasema ng'ombe wa kwenye simuleta ni wale wa madoa meusi na meupe, wa kwenye pakiti za maziwa, akaona aibu Dakota itue Handeni ipokelewe na mifugo ya Ulaya. (Hapo namwelewa. Hata mimi hunikera.) Nado alimpiga picha siku kumi kabla ya Idi, hapa Korogwe, ng'ombe wakipakiwa kwenye fuso. Kapenda rangi yake tu, anasema.

Idi imeshapita. Nado ameshaliwa. Nimelia kidogo, kisha nikamwambia alete picha nzima.

Iko kwenye simu ya zamani, kesho. Kesho! Mtu mkweli hana kesho.

Jumapili, 15 Juni

Imekuja. Nilikuwa ndiyo natoka kanisani.

Fuso la bluu. Nado, kamba shingoni. Pembeni, pale Gregori alipokuwa amekata, kuna mkono umeshika kamba. Mkono na ncha ya shuka, basi. Nikasema haya, tumwone mwizi. Nikakuza.

Saa. Mkanda wa plastiki, rangi ya chungwa. Niliichagua mwenyewe kwa mshahara wangu wa kwanza, maana macho yake yameanza kufifia. Keriako alicheka sana, eti mzee atawaka kama koni ya barabarani.

Nimekuza mara nane. Kingo hizi hazina mkasi.

Gregori anaandika, "Mary, nimekukosea? Nimtoe huyo ng'ombe?" Sijamjibu. Keriako nimemwandikia ujumbe, nisamehe mdogo wangu. Sijautuma. Ataniuliza kwa nini, nimjibu nini?

Simu inaita. Jina la baba.

Nimepokea — ni mama. Alimsikia baba juzi akiongea nami, anataka kujua fununu ya Nado imefikia wapi. Anasema kama ni Keriako nimwambie tu, atavumilia. Nimemwambia asubiri, natafuta karatasi niliyoandika. Karatasi gani! Nimeiweka simu mezani, spika imewashwa, na mimi naandika hapa.

Mama anadhani sisikii. Anamwambia baba mtoto anachelewa, salio litaisha. Anamuuliza ni saa ngapi.

Saa tano kasorobo, baba anamjibu.