Ukiitwa, Usiitike

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, na uzisome ukiwa umekaa. Habari za safari na lori lako? Wifi yangu na watoto hawajambo? Sisi huku wazima. Mama analalamikia magoti, na cherehani yangu inadai mafuta kuliko mimi ninavyodai chai. Lakini uzima wenyewe ni wa kuokoteza, kaka, na wewe mkono wako umo.

Unakumbuka ulipotutembelea, ukamketisha mpwa wako sebuleni ukamhadithia utoto wetu. Ulimwambia tulikuwa tukitoka asubuhi na kurudi giza likiingia, na hakuna aliyetuuliza tulikuwa wapi. Ukamweleza mchezo wetu wa kujificha na ile sheria uliyoitunga wewe: ukiitwa jina usiitike, hata ukisikia sauti ya mama, maana watafutaji walikuwa hodari wa kuigiza sauti za mama zetu. Utoke tu ukisikia sufuria ya Mama ikigongwa. Mtoto alikusikiliza mdomo wazi. Mimi napinda mshono huku nacheka, nalikumbuka lile vumbi, natamani na yeye angelionja. Unajua ninavyomfungia. Akitoka shule ni ndani, mlango ufunguo, simu mkononi.

Wiki iliyopita nilishuka kumpelekea mteja gauni lake, nikasahau kufunga. Niliporudi Mama alikuwa amesinzia na kiti cha mtoto kitupu. Nikadhani yuko chooni. Kisha nikaona viatu vyake havipo, nikatoka mbio.

Nilimwita ngazi nzima. Jirani yetu muuza dawa akafunga duka, tukaita pamoja. Wenzake wakasema walikuwa wakicheza kujificha kwenye yale mabomba makubwa ya zege yaliyorundikwa nyuma ya jengo letu. Walimtafuta wakamkosa, wakadhani amekwenda kwao. Tulipofika, winchi ilikuwa ikinyanyua mabomba na kuyashusha mtaroni, na mwendeshaji yuko juu kule, ameziba masikio. Nilipunga kanga, niliita mpaka koo likakauka. Na mpwa wako alinisikia, kaka. Alikiri mwenyewe baadaye. Alinisikia vizuri kabisa akanyamaza, maana mjomba alisema usiitike.

Ndipo kwenye roshani yetu sufuria ikaanza kulia. Mama, ambaye kwenda jikoni tu kwake ni safari, alikuwa amesimama anaipiga kwa mwiko kama anayefukuza nyuki. Mpwa wako akatoka kwenye bomba lililokuwa limeshafungwa mnyororo. Winchi ikazimwa. Mwendeshaji akashuka, akakaa mchangani, akaomba maji. Mimi nilimkumbatia mtoto mpaka akalalamika kwamba namuumiza.

Jioni nilimuuliza Mama ilikuwaje akaikumbuka sheria yetu. Akaniuliza sheria gani. Hakuwahi kuijua. Akasema yeye akiogopa hugonga sufuria, basi. Siku zile zote tulizodhani anatuita kula, sufuria ilikuwa tupu na moto haujawashwa. Alikuwa akisimama mlangoni kuhesabu vichwa vinavyoingia, na mpaka cha mwisho kiingie hakuweza hata kushika kiberiti kwa hofu. Nimeishi na mwanamke huyu umri wangu wote, na hilo hakuwahi kulisema.

Basi nikamwita fundi aniwekee kitasa cha pili. Akaja, akapima mlango. Na sasa nikwambie kilichonifanya nishike kalamu: yule fundi nilimrudisha. Mpwa wako yuko nje sasa hivi na wenzake, upande usio na mabomba, na mlango nimemfungulia mwenyewe. Naogopa, kaka. Barua hii naiandika ili nisiende dirishani, na mwandiko unauona ulivyo. Sufuria ninayo mapajani. Kila nikitaka kusimama, Mama anasema bado, mwache kidogo.

Wifi mpe salamu zangu, na watoto uwabusu. Wewe usiache kuhadithia, ila ukija tena umsimulie mpwa wako na hili la Mama. Endesha polepole. Giza limeanza kuingia, nasimama.

Mimi mdogo wako,
Kiroboto

Nimesahau: nimegonga. Namsikia anapanda ngazi, anachechemea kidogo. Mama ndiyo kwanza anawasha moto.