Kaye ya Misalaba

Placide, mwipwa wangu,

Minye njo naongoza masomo mu Likasi sasa. Usicheke. Uliza bantu kutoka Kikula mpaka ku gare ya train, ni nani alinyoosha hesabu ya sixième, darasa ya sita, batakuambia: ni mujomba ya Mwalimu Placide. Bakubwa ya Lubumbashi balisikia. Balituma hata muntu mwenye lunette nyeusi ku macho kunichunguza, alijifanya muuza mikate ku mulango yetu siku mbili. Muuza mikate gani anavaa lunette vile?

Directeur yako, mukubwa ya shule, ananiita conseiller, mushauri. Mbele ya bantu.

Nakuandikia juu mudomo yangu inasema mingi na ndani hakuna kitu. Tangu tulikuzika, nakula na sisikie chumvi. Sikulia. Bantu balisema mujomba iko nguvu. Haiko nguvu. Ni sawa mukono yenye ulilalia, unaigusa, unaona ni ya muntu mwingine.

Huku, sirène ya usine, ile ya kuita bantu ku kiwanda, haipige tena. Asubuhi tunaamuka bila kuitwa. Véro, mujane yako, anauzisha mboga. Nadine, mutoto yako, alifika sixième, na pale njo maneno ilianzia.

Unakumbuka kaye yako, ile daftari ya gamba ya buluu? Majina ya batoto uliandika pembeni, moja chini ya ingine. Maulizo ya examen, ya mutihani, uliandika juu, ya kwanza mpaka ya kumi. Mutoto akikosa ulizo, unapiga musalaba mu kanyumba kake, pale jina na ulizo zinakutana. Minye nilikuchekelea: "Mwalimu, unachora makaburi?" Na weye, bila kuinua kichwa: "Mujomba, pourcentage, maksi kwa mia, inaniambia tu nani alianguka. Minye nataka kujua alijikwaa wapi."

Halafu ulinionyesha na kidole, pole pole, sawa unaonyesha mutoto. Misalaba ikilala, kufuata jina moja, yule mutoto anaomba musaada. Misalaba ikisimama, kushuka ku majina yote, usichape mutoto hata mumoja, ni somo njo haikufundishwa. Nilisema nilijua zamani. Ulisema: "Mujomba, weye unajuaka yote, hata yenye haiko."

Miezi mbili kisha kukuzika, directeur alibandika karatasi ku mulango ya masomo. Nusu ya sixième, barudi cinquième, darasa ya tano. Nadine alikuwa mu katikati ya majina. Alirudi nyumbani, akakunja robe, gauni ya masomo, akaiweka mu sanduku, akafunga. Akaniambia: "Nkambo, papa alikuwa mwalimu, na minye sina kichwa."

Sikumujibu. Minye, Placide! 

Nilienda kutafuta kaye. Haikuwa mu nyumba. Unajua bantu ya kwetu: muntu akifwa, manguo tunagawanya, makaratasi tunapeleka kwa mama ya kalanga mu soko, afungie kalanga. Véro alipeleka yote siku ya kuondoa kilio. Hakukosa, kila muntu anafanya vile. Nilikimbia mu soko. Kitabu yako ya géographie ilikuwa imekwisha kupasuliwa, mito yote ya dunia imefungiwa kalanga. Ile ya buluu ilikuwa chini kabisa. Nilipigana na bantu saba juu yake. Basi, babili. Basi, ilikuwa ule mama peke yake, na alinipatia mara moja, na kalanga kidogo juu, kwa heshima yako.

Directeur aliita bazazi. Ni muntu muzuri, lakini darasa tatu anafundisha peke yake, yako pia, macho yake nyekundu. Alisema: "Vichwa hakuna. Munataka nifanye nini?" Nikasimama. Nikaweka kaye yako ku meza, page ya examen yako ya mwisho, ile ya mbele ya homa yenye ilikuchukua. Nikasema na sauti ya minisita: "Misalaba ikilala ni mutoto, ikisimama ni somo. Angalia."

Ulizo ya ine, ya saba, ya tisa: misalaba kutoka jina ya kwanza mpaka ya mwisho, sawa fimbo imesimama. Hata mutoto wa kwanza wa darasa alikuwa nayo. Directeur alileta makaratasi ya examen yake, akahesabu na kalamu. Ilikuwa vile vile. Maulizo yote tatu ni fractions, hesabu ya sehemu.

Mama mumoja nyuma alisema: "Fractions ni ya cinquième. Mwaka wao, mwalimu ya cinquième alikuwa ku gare."

Directeur aliweka kalamu chini.

Weye unajua. Balimufukuza juu ya kabila yake, akalala ku gare na bibi na batoto, kungojea train. Darasa ilibakia na ubao. Hakuna muntu alimufuata pa ile kiti. Shiye wote tulipita pale ku gare, tukaona. Minye nilipita mara mingi. Alikuwa anachoraka na mukaa chini, anaonyesha batoto yake hesabu. Sikumusalimia.

Directeur alienda ku mulango, akabandua karatasi. 

Tangu pale, kila asubuhi, mbele ya masomo ingine, fractions. Mwezi muzima. Batoto balikata mikate, balikata muwa, balikunja makaratasi. Mwisho, examen ndogo, na page mupya mu kaye yako. Ile fimbo ilivunjika, Placide. Ilibakia batoto batatu benye misalaba yao inalala, na hao directeur anakaa nao kisha masomo, kila mumoja na shida yake. Sasa examen ikipita, kaye inafunguliwa kwanza. Nani wa kwanza, nani wa mwisho, inakuja nyuma.

Nadine alipita. Siku ya proclamation, ya kusoma majina ya benye balipita, tulimumwangia poudre ya furaha mpaka kope ikawa nyeupe. Alikuwa anacheka na kukohoa. Nilisikia kile kicheko kutoka mbali, sawa iko mu nyumba ya jirani, na minye nilikuwa namushika mukono. Lakini nilikisikia. Nakuandikia ile pia, juu ni kitu ya kwanza nilisikia tangu ulienda.

Basi, mwalimu, pumzika. Kaye yako iko mu sanduku, chini ya robe ya Nadine, na mama ya kalanga hataiona tena, nakuapia juu ya mama yako, dada yangu. Ikijaa, nitanunua ingine, nitachora bile binyumba minye mwenyewe.

Kuko neno moja tena. Mwezi ya fractions, nilikaa ku banc ya nyuma kila siku. Niliambia bantu nachunga nidhamu. Siku ya ile examen ndogo, minye pia niliandika, kwa kuonyesha batoto haiogopeshe. Directeur aliweka jina yangu chini kabisa, kisha ya batoto yote. Maulizo kumi, misalaba nane.

Imelala, Placide. Yote imelala.